Kabla ya Nakshi, Boriti: Namna ya Kuisoma Nyumba ya Lamu

Masika yalipokwisha, ukuta wa msana, chumba kirefu chembamba, katika nyumba ya shangazi yangu, mtaa wa Mkomani, ulianza kuumuka kama andazi. Ukiugonga kwa kidole ulitoa sauti ya kitu kitupu, na lipu ilipobanduka ulimwagika unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Ukuta huohuo ulikuwa umepigwa lipu ya saruji miaka mitatu tu nyuma, na fundi aliondoka akisema, "Mama, huu sasa ni wa milele."

Barazani maneno yakawa mengi. Jirani mmoja alisema nyumba hizi zimezeeka, dawa yake ni kuzibomoa na kujenga za matofali ya saruji. Wa pili akaitupia lawama UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa lenye orodha ya Urithi wa Dunia: "Si tumekatazwa kuzigusa nyumba zetu?" Kijana anayesomea ujenzi Mombasa akasema kwa yakini kwamba nyumba za kale hazina usanifu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuziona ramani zake. Hapo mzee mmoja akaunyooshea bakora mlango wa shangazi, mlango wa mbao uliojaa maua ya kuchongwa, akamuuliza, "Na huu ni nini, mwanangu, kama si usanifu?"

Nawaheshimu wote wanne, na nadhani wote wanne walipotea kidogo. Neno moja, usanifu, lilikuwa likizunguka kati yao, kila mmoja amelishika upande wake. Tulifungue neno hilo kwanza, ndipo turudi kwenye ukuta.

Chukua kanzu. Kabla sindano haijashikwa, kuna mtu ameamua iwe pana kiasi gani, mikono ifike wapi, ifunguke vipi shingoni, ipitishe upepo namna gani mwilini. Uamuzi huo ndio usanifu. Kuikata na kuishona ni ujenzi. Kujua kama mshono utastahimili mvaaji akiinama kusujudu ni kazi inayofanana na uhandisi. Na yale madarizi ya shingoni ni nakshi. Kanzu iliyokatwa vibaya haiponi kwa madarizi, na iliyokatwa vizuri hupendeza hata bila uzi wa rangi.

Wengi hudhani sanaa na usanifu ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Yote mawili yametujia kutoka Kiarabu, lakini sanaa imetoka kwenye neno la kutengeneza kitu kwa ufundi, na sanifu imetoka kwenye neno la kupanga kwa aina, kutunga, kuweka kila kitu mahali pake. Ndiyo maana twasema Kiswahili sanifu: ni Kiswahili kilichopangwa, wala si Kiswahili kilichopambwa. Basi msanifu majengo ni mpangaji kabla ya kuwa mpambaji. Anapanga kuta na milango, lakini pia anapanga kivuli, upepo, nani aonekane na nani asitirike, maji yatoke wapi yaende wapi.

Kwa maana hiyo yule kijana alikosea: mpango hauhitaji karatasi ili uwe mpango. Na mzee naye alikosea, kwani mlango ule mzuri ni jambo la mwisho nyumba ilipewa.

Kila kitu kilianzia mikokoni

Mwanzo wa nyumba ya mawe ya Lamu ni boriti. Boriti ni shina la mkoko, mti mgumu unaosimama katika maji ya chumvi, na zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko huku Lamu. Una sifa ya kustahimili mchwa kuliko miti mingi. Lakini kipande kilichonyooka na chenye unene wa kufaa huwa na urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, na hakina budi kubeba dari zito mno: boriti hupangwa karibu karibu, juu yake mawe ya matumbawe, kisha tabaka za kokoto na chokaa zilizopigiliwa mpaka zikashikana. Boriti ikizidi urefu huo, inapinda.

Kutokana na jambo hilo moja, chumba hakiwezi kuwa kipana. Kinaweza kuwa kirefu utakavyo, maana unaongeza tu boriti ubavuni, lakini upana umeshaamuliwa na mti. Kama una rafiki Mkomani, mwombe uingie kwake, usimame katikati ya msana, unyooshe mikono miwili. Hiyo ni pima moja. Kilichobaki mpaka kuta zote mbili ni kama dhiraa mbili tu, na dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mafundi wa zamani walipima hivyohivyo, kwa mwili: shibiri, dhiraa, pima. Ramani ilikuwa mikononi mwao.

Nenda hata Gedi, kusini ya Malindi, magofu yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Mji ule ulihamwa tangu karne ya 17 na dari zote zimeanguka, lakini kuta zilizobaki zinakuonyesha vyumba vyembamba virefu vya namna ileile. Boriti zimeoza na upana wake bado unasomeka ardhini.

Nyumba isiyoweza kutanuka ubavuni hukua kwa kurudi nyuma, ukanda baada ya ukanda, na hapa ndipo watu wa Lamu walipofanya jambo ambalo mimi naliona ni la akili kubwa kabisa. Walichukua kizuizi cha mti wakakifanya kuwa utaratibu wa maisha.

Nje kuna daka, kibaraza kilichoezekwa mbele ya mlango, na viti vyake vya mawe pande mbili. Mgeni wa shughuli ndogo humalizana na mwenyeji hapo. Ukipita mlango unaingia tekani, ukumbi mdogo, na njia inakata kona ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha kiwanda, ambacho hapa si mahali pa mashine bali ni uwanja mdogo ulio wazi juu, ndiko mwanga na hewa vinakoingilia. Kutoka kiwandani, kanda zinafuatana: msana wa tini (yaani wa chini), msana wa yuu (wa juu), halafu ndani yenyewe, chumba cha siri kuliko vyote. Na kila ukanda sakafu yake imepanda kidogo kuliko uliotangulia. Huhitaji kuambiwa kwamba sasa unaingia mahali pa heshima zaidi. Mguu wako umekwishajua.

Mwanga nao unapungua vivyo hivyo. Kiwandani jua linachoma, msana wa tini kuna mwanga mtulivu, ndani kuna giza la baridi saa saba mchana. Kuta zina unene wa karibu dhiraa moja, na ukuta mnene ni kama chungu cha udongo: huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa. Joto la adhuhuri linapofika upande wa pili, jioni imekwishaingia na upepo wa baharini unapita. Vichochoro vyembamba navyo ni sehemu ya mpango huohuo, nyumba moja inaitilia nyingine kivuli.

Kuna na vile vyumba vinavyopita juu ya njia, vinaitwa wikio. Mtalii hupiga picha akadhani ni daraja la urembo. Uliza wenyewe. Ilikuwa ni desturi ya Lamu mzazi kumpa binti nyumba anapoolewa, na pale kiwanja kilipokuwa kimejaa, aliongezewa ghorofa juu ya nyumba ya mamake, au chumba kikavushwa juu ya kichochoro kwenda nyumba ya pili. Mabinti, mama na mashangazi waliendeana bila kushuka njiani. Ukisimama chini ya wikio na kuhesabu ghorofa, mara nyingi unahesabu harusi.

Na nakshi je?

Nisieleweke vibaya. Sidharau nakshi hata kidogo. Ninachokataa ni kule kudhani kwamba nakshi ni kitu kilichobandikwa baadaye kwa ajili ya kupendeza.

Tazama zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu kwenye ukuta wa ndani, vimechongwa katika lipu ya chokaa nyeupe. Wengine huviita makabati ya zamani, wengine mapambo matupu. Ni kweli viliwekwa sahani za kaure, vitabu, vitu vya thamani. Lakini kaa ndani ya chumba kile asubuhi, macho yakishazoea giza, utaona kila kingo ya kila kidaka imeshika kamstari ka mwanga uliotoka mbali, kiwandani, ukapita misana miwili. Ukuta ambao ungekuwa umekukaribia puani unaonekana una kina. Chumba chembamba kinapumua. Boriti ilikibana chumba, na zidaka zikakifungua tena kwa jicho.

Au tazama birika la maji chooni. Kwa shangazi yangu, chini kabisa ya birika imezamishwa sahani ya kaure yenye maua ya samawati, imejengewa humohumo kwenye chokaa. Tulipokuwa watoto tuliinama kuiangalia maji yakiwa yametulia, na visamaki viwili vitatu vikipita juu yake. Visamaki vinakula viluwiluwi vya mbu. Maji yakichotwa mpaka yakaisha, katika bonde la sahani ile hubaki maji kidogo, na visamaki hubaki hai mpaka birika lijazwe. Sijaona bado kitu kinachoeleza uhusiano wa sanaa na usanifu vizuri kuliko sahani hiyo.

Mlango aliouonyesha mzee nao una kazi. Una miimo miwili, kizingiti juu, na mfaa, ule mti wa katikati unaozipokea bawa mbili zinapofungwa. Nakshi imejaa upande wa njiani, kwa sababu huo ndio uso wa nyumba kwa watu. Milango mingi tunayoiona leo ni ya karne ya 19, na ndani yake kuna mikono ya Oman, ya Bara Hindi, na ya mafundi wa visiwani humu, wa Siyu hasa.

Kwa sababu hiyo kuna wanaosema nyumba zenyewe ni za Waarabu, sisi tulizikuta tu. Hili linaniuma, na lina jibu lake ardhini. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta katika miaka ya 1980 misingi ya misikiti mahali pamoja, mmoja juu ya mwingine. Ya chini kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Watu waliendelea kuijenga upya palepale, kizazi baada ya kizazi, mpaka ikawa ya mawe. Nyumba ya mawe haikushuka jahazini ikiwa imekamilika. Dini, biashara, ndoa na mitindo ilivuka bahari, lakini ufundi wa kujenga kwa tumbawe na mkoko ulikulia hapahapa.

Sasa turudi kwenye ukuta

Kwa nini lipu ya saruji, ngumu kuliko chokaa, ilishindwa kwa miaka mitatu, na ile ya chokaa ilikaa miongo na miongo?

Mawe ya ukuta ni matumbawe, yenye vitundu kama sponji. Nyumba za kale hazina karatasi ya nailoni chini ya msingi. Kwa hiyo ukuta hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuupandisha kidogo kidogo, kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Unyevu huo una chumvi, tuko kisiwani. Chokaa ina vinyweleo, nayo huuachia unyevu utoke nje taratibu. Chumvi ikibaki juu, unaipangusa. Ni kama mtu aliyevaa pamba: jasho linatoka na kukauka.

Saruji ni koti la mvua. Ukuta unatoa jasho na jasho halina pa kwenda. Unyevu unapanda juu zaidi kutafuta njia, na chumvi inaganda nyuma ya lipu. Inapoganda inavimba, inaisukuma lipu mpaka inabanduka na vipande vya jiwe. Hilo ndilo andazi la shangazi. Kibaya zaidi hakionekani: vichwa vya boriti vimezikwa ndani ya ukuta, na vikikaa katika unyevu mwaka mzima vinaoza. Siku dari likianguka watu watasema nyumba ilikuwa nzee.

Kisha kuna jambo la ugumu. Ukuta wa matumbawe hujisogeza, kwa joto, kwa mvua, kwa uzito. Chokaa ni laini na huufuata. Saruji haifuati, inapasuka, na kila ufa ni mlango wa mvua.

Chokaa yenyewe ina mzunguko ambao ungefaa kufundishwa kila shule ya pwani. Tumbawe ni jiwe lililojengwa na viumbe wadogo wa baharini. Ukilichoma kwa moto mkali, hewa ya kaboni inatoka na jiwe linakuwa kitu chepesi chenye kiu. Likipewa maji linachemka lenyewe, linapasuka na kuwa unga au uji mzito. Ukishaupaka ukutani, uji huo unaanza kuivuta tena ile hewa ya kaboni kutoka angani, polepole, miezi na miaka, mpaka unarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo lipu ya chokaa huzidi kukomaa ikiwa ukutani. Ndiyo sababu fundi mzuri hana haraka nayo: hupaka tabaka nyembamba, huzinyunyizia maji, husubiri. Yule wa saruji alimaliza kwa siku mbili, na shangazi alifurahi.

Saruji si adui. Kwa nyumba mpya ya matofali, kwa tangi la maji, kwa msingi mpya, iko mahali pake. Kosa ni kuvisha koti la mvua ukuta uliozaliwa kupumua.

Wala sisemi turudi nyuma kwa kila kitu. Tumbawe hai halifai kukatwa tena, maana mwamba ukifa na samaki wanahama. Mawe ya kujengea yanapatikana kwenye machimbo ya nchi kavu, kama Maweni, kisiwani Manda. Kuchoma chokaa kwa njia ya zamani kunakula kuni nyingi. Siku hizi kuna chokaa ya ujenzi ya mifuko, iliyochomwa kutokana na mawe ya bara, na kwa ukuta mkongwe ni bora mara nyingi kuliko saruji. Na boriti zenyewe zina mambo yake: mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma, wakataji mikoko wa Lamu walijikuta bila riziki. Mkoko ukikatwa ovyo tutakosa samaki, na ukizuiwa kabisa tutakosa mafundi. Ukataji wa kupimwa na kupanda upya ni sehemu ya usanifu wetu kama vile ukuta ulivyo.

Kuhusu UNESCO nitasema kwa ufupi. Mji wa kale wa Lamu, eneo dogo la kama hekta 16, uliorodheshwa mwaka 2001. Orodha ile haikumnyang'anya mtu hati ya nyumba yake. Inaitaka nchi iutunze mji, na sheria zinazotumika ni za Kenya, ikiwemo ile ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Kabla ya kubomoa au kubadili nyumba ndani ya eneo hilo unahitaji ruhusa. Hilo ni zito kwa familia isiyo na fedha, na malalamiko yao ni ya haki: ukimtaka mtu atengeneze kwa chokaa na boriti, msaidie kuvipata. Lakini kuutengeneza ukuta kwa chokaa hakujakatazwa. Ndicho kinachotakiwa.

Shangazi aliyasikiliza haya yote akiwa anachambua mchele, asinijibu. Mwezi wa Novemba akamwita fundi mwingine, mzee wa Mkomani, wakaibandua saruji yote kuanzia sakafuni hadi mabegani, na kuuacha ukuta uchi. Fundi alikataa kupaka chochote kabla haujakauka. "Bibi, tumpe kaskazi afanye kazi yake," alisema, yaani ule upepo wa msimu, na akatundika begi lake.

Chumvi ilitoka kila asubuhi kama ukungu mweupe juu ya mawe, na shangazi aliipangusa kwa ufagio wa chelewa na kuizoa isirudi ardhini. Mwanzo wa Disemba alichora mstari kwa kipande cha mkaa palipofikia unyevu, ulikuwa usawa wa kiuno chake. Mwezi wa Februari nilipopita kumsalimu alinishika mkono, akanipeleka msana wa tini kabla sijanywa hata maji, akanionyesha mstari mwingine. Ulikuwa magotini.